Panipuri Haiumwi Nusu

Wenye watoto wadogo, nisikilizeni. Panipuri haiumwi nusu. Ni andazi dogo la Kihindi, tupu ndani, la kujazwa maji; unaitia nzima mdomoni, na maji yake ya ukwaju yakishajaa huwezi kusema neno.

Mimi na mwanangu mdogo Pihu tulikuwa tumesimama kwenye kibanda cha panipuri, kando ya soko la Indore, India. "Haya dada, ya tatu hii! Au pilipili imekushinda?" muuzaji akanitania. Watu wakacheka. Nikaona haya, nikauachia mkono wa Pihu nikaipokea.

Mashavu yamejaa, ndipo nikamwona mwanangu kwenye jiko la jirani la kukaangia jalebi, vile vitamu vya sukari, ameshika kishikio cha karai la mafuta yanayochemka.

Nikapiga kelele. Ikatoka "mmm!" tu, na maji yakanipalia.

"Mnaona?" muuzaji akafurahi. "Dada amenogewa!"

Pihu akanigeukia akicheka, bila kukiachia kile kishikio.