Donati za Mama Mgeni

Mama mgeni, mfanyakazi mpya wa kitengo, aliingia ofisini na boksi kubwa la donati, theluji ya Winnipeg bado imemganda mabegani, na Curtis akaanza kucheka kabla hajamtazama usoni.

Kitengo cha kompyuta pale chuoni kina mchezo wake. Ukiondoka mezani ukaacha kompyuta wazi, mwenzako anaingia kwenye barua pepe yako na kuwaahidi watu wote donati. Jana mama alitoka mbio, koti mkononi, kompyuta wazi, na Curtis hakulaza damu.

"Mama, leo umetukosha," alisema, akichagua yenye sukari ya unga.

"Kula, mwanangu. Kusema kweli sikumbuki hata kuiandika ile barua pepe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Jana hospitali walinipigia, baba amefariki. Nadhani niliandika nikiwa nimechanganyikiwa."

Curtis aliacha kutafuna.

"Ndiyo maana naenda kwa bosi. Hizi akaunti za wanafunzi zinataka mtu mwenye akili zake, na mimi sasa naandika vitu bila kujijua. Bora anitoe."

Wenzake wote waliinamia kompyuta zao ghafla, kama watu wenye kazi nyingi.

Curtis alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe kwa sukari mpaka kwenye kucha. Alivifuta kwenye suruali, sukari ikagoma kutoka. Mama alikuwa ameshagonga mlango wa bosi.

"Ingia," bosi alijibu.

"Mama, ngoja," Curtis alisema, mdomo bado umejaa.