Jicho la Manjano

Hasani alianguka kifudifudi kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, akainuka bila hata kujikung'uta. Kipepeo kitu gani bwana, mpaka mtu mzima atokwe jasho namna hii!

Picha aliyopewa na Cecilia, mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu, alishaikariri. Kahawia, mdogo kama ukucha wa dole gumba, chini ya bawa ana jicho moja lenye duara la manjano. Huruka chinichini, penye kivuli. Akionekana, hata mmoja tu, msitu wa kijiji utafungwa na hapana atakayetia shoka tena. Asipoonekana hadi adhuhuri ya leo, kesho mkutano wa kijiji utaugawa uwe mashamba ya ufuta.

Ndiyo maana Hasani alijitolea kuongoza bila kudai hata senti. Siku ya tatu hii halali, chakula hakipiti.

"Wewe pumzika, mwanangu, huko kuna upupu," humwambia Cecilia, kisha hutangulia peke yake.

Simu ikalia. Alikuwa Huseni, mwanawe, aliyerudi kijijini Kikole na mke na watoto wanne, wote wamebanana jikoni kwa mama yake, hawana hata kipande cha kulima.

"Shikamoo, baba. Umempata?"

"Marahaba. Bado."

"Muda unakwisha, baba."

"Najua! Nisipompata mimi, tumekwisha."

Akakimbilia kwenye mabibo ya mkorosho yaliyochacha, aliyoyatandaza jana bila kumwambia mtu. Cecilia alishasema mdudu huyo mlevi, harufu tu humleta.

Moyo ukamlipuka. Juu ya bibo moja alikuwa ametulia, mabawa ameyafumba, jicho la manjano limemkodolea. Hasani akavua kofia taratibu, akamfunika. Machozi yakamlengalenga. Lahaula, hakudhani angekuwa mzuri hivi!

Adhuhuri alimkuta Cecilia garini, anafunga virago.

"Vipi, baba?"

"Wapi, mwanangu! Hata kivuli chake."

Cecilia mabega yakamshuka. Hata hivyo alishuka garini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kuhangaika naye siku zote tatu.

Alipouachia, kiganja cha Cecilia kilikuwa na vumbi la kahawia. Katikati ya vumbi kilinata kipande cha bawa, na jicho moja la manjano likimtazama.