Barua ya Tunu

Tangu neno “hapana” lipigwe marufuku, anayekataa jambo, hata nyumbani kwake, huandika barua ya adabu: hushukuru, husifu, kisha hukataa. Aliyepokea barua haruhusiwi kuomba tena. Kutwa Sikitu aliwaandikia watu wa mtaa barua hizo, akikataa kwa niaba yao posa na maombi ya kazi kwa maneno matamu kama halua. Jioni alirudi kwa mwanawe Tunu. Hakuwa na mwingine.

“Njoo ulale na mama leo, kipenzi,” alimwambia. “Tangu baba yako aondoke, kitanda kimekuwa uwanja wa mpira.”

Tunu akachukua penseli, akaandika huku ameng’ata ulimi, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

“Mpendwa Mama Tunu, asante kwa mwaliko wako. Kitanda chako ni kizuri sana. Hata hivyo, nimeamua kulala kwangu. Nakutakia kila la heri.”

Sikitu alicheka. “We mtoto! Mbona husemi sababu?”

“Si wewe ulisema sababu haiandikwi? Inaumiza, mama.”

Kicheko kikamkauka. Alimfunika mtoto shuka, akaenda kujilaza upande mmoja wa kitanda, mlango akauacha wazi, huenda Tunu akaomba mwenyewe.