Karabai ya Kibarazani

Tangu mumewe aondoke, Tusekile aliwasha karabai kibarazani kila jioni ili Ambakisye, akiamua kurudi, auone mlango. Jirani yake, Mama Lugano, alimtania kwamba taa ile imeshaita wadudu wote wa mtaa, kasoro yule mmoja.

Usiku huo ukungu ulitanda. Nyayo zikasimama nje ya geti.

"Nani?"

Mtu akakohoa. Kikohozi hakikuwa kigeni, lakini nani hakohoi kwa baridi ile? Tusekile akainua karabai. Ukungu ukazidi weupe, kama shuka lililoanikwa mbele ya uso wake.

"Izime, mwenzangu!" Mama Lugano akapaza sauti dirishani kwake. "Mwanga wako mwenyewe ndio unakurudia. Gizani utamwona."

"Na yeye ataonaje mlango?"

"Haya, endelea kumulika maziwa hayo ya ukungu."

Karabai ile ikizimwa, kuiwasha tena ni kazi ya kupampu na kusali. Nyayo zikaanza kusogea, haijulikani zikielekea wapi. Tusekile akaifungulia karabai upepo wake utoke, izime. Ikapumua, ikafifia.

Polepole geti likajitokeza, kisha bega la mtu aliyegeuka nusu, kama anayetafuta mwanga uliokuwa hapo sasa hivi.