Ute Mtupu

Émérence alipofungua kitambaa, ute mzito uliopakwa na daktari ulikuwa bado umekaa katika kidonda cha mume wake, mzima na mwangavu kama jicho la samaki. Asidi ya kiwandani ilikuwa imeula mguu karibu hadi mfupani, na tangu mishahara ikome, zahanati ya kiwanda, hapo mtaani Kikula, haikuwa na dawa nyingine.

Kwenye kitanda cha pili, ute wa mama mzee mmoja ulikuwa umekwisha wote, na nyama mpya, nyekundu, ilikuwa inachipua.

"Dokta," Émérence akauliza, "juu ya nini ya mama inaisha, na ya bwana yangu iko vile vile?"

Daktari mgeni alimjibu kwa upole. Ute wenye dawa huliwa na mwili wenyewe, na kadiri unavyoliwa ndivyo unavyoachia dawa ya kuotesha nyama. Wagonjwa wengine walipewa ute mtupu, usio na dawa, ili tofauti ionekane.

Émérence akasimama. "Minye niko naosha kidonda kila siku, niko naomba Mungu, na weye ulikuwa unajua?"

"Ndivyo utafiti unavyofanywa, mama."

Tyubu ya ute wenye dawa ilikuwa mezani. Émérence akainyakua.

"Hiyo ni ya mama mzee," daktari akasema. "Ndiyo ya mwisho."

"Émérence, rudisha," mumewe akanong'ona.

Mama mzee aliuvuta mguu wake polepole, akaufunika kwa kitenge.

Émérence alimtazama. Kisha akafungua kifuniko, akaikamua tyubu yote kwenye mguu wa mumewe.