Ushuhuda wa Tunsume

Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, na Tunsume akasimama.

"Mchungaji, ulimwambia dada yangu aache dawa za kifua kikuu, ukasema imani itamponya. Juzi tulimzika. Waeleze watu hawa kwa nini."

Kanisa zima lilivuma kwa hasira.

"Mtoeni huyo," mzee wa kanisa alinguruma. "Mtumishi wa Mungu hahojiwi hadharani."

Aliyemfikia wa kwanza alikuwa mama yake mzazi. Alivua mtandio wake, akamziba mdomo kwa nguvu.

"Nyamaza, mwanangu. Utatuletea laana."

Tunsume aliendelea kusema ndani ya kitambaa. Nyuma yao watu walikuwa wakisukuma mabenchi ili wamfikie, na mkono wa mama ulibaki juu ya midomo yake, haukukaza tena wala haukulegea.