Mji wa Kipanga

Nikutegee wewe unayesoma: mgeni wangu hali wala hanywi, lakini kiti chake hakikaliwi na mwingine. Umeshindwa? Ni Kipanga, mpinzani wa mjukuu wangu Mshamu kwenye mchezo wa mbio za magari ya angani. Siku hizi ukishindwa na mpinzani, hutoka kwenye kioo cha mchezo akakaa mahali pako nyumbani mpaka umshinde. Mshamu anakula jikoni, kanuna. Kipanga huniamkia kila asubuhi. Mshamu mpaka akumbushwe.

"Kwenu wapi, baba?" nilimuuliza siku aliyokuja. Akavuta kiti cha Mshamu, akaketi.

Kesho wanashindana tena, nami sijui nimwombee nani. Leo nikamtegea Kipanga kitendawili, kikamshinda.

"Basi nipe mji."

Akamtazama Mshamu mlangoni.

"Mji ninao mmoja tu, bibi. Ni hapa kwetu."